Mhusika wa Anime Mwenye Ushawishi Kuliko Wote: Maswali Yanayorudi Kila Mara kwa Wabishi wa Mwanza

Ubishi huu, wa nani ana ushawishi zaidi kati ya wahusika wa anime (katuni za Kijapani za kwenye skrini), hauna msimu. Unaukuta vijiweni Mlango Mmoja, kwenye vyumba vya wanafunzi Malimbe, kwenye vibanda umiza vya Igoma na Buzuruga, na kwenye magrupu ya WhatsApp ambako watu wa Nansio na wa Nyegezi hutumiana sauti hadi usiku wa manane. Tumekusanya hapa maswali yanayorudiwa zaidi. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeshaelezwa, utaelekezwa namba ya swali. Kama una mdahalo kesho na huna muda, anzia swali la 14.

## Msingi

1. Tunapima nini hasa tunaposema mhusika ana ushawishi?

Tunapima kilichobadilika kwa sababu yake. Mwondoe kwenye historia, kisha jiulize kingekosekana nini. Kama kingekosekana kisa chake peke yake, huyo ni mhusika mzuri na inaishia hapo. Lakini kama zingekosekana kazi za wachoraji wengine, namna fulani ya kutengeneza anime, biashara nzima, au maamuzi ya watu wa kweli kama wachezaji mpira, basi mezani kuna jambo la kujadili.

Ubishi mwingi huharibika kwa sababu huyu anapima hivyo na mwenzake anapima mapenzi. Kubalianeni kwanza, ndipo mtaje majina.

2. Umaarufu na ushawishi vinatofautianaje?

Kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa, makundi ya Bagika na Bagalu hucheza ngoma zao kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta umati mkubwa ndilo linaloshinda. Huo ndio umaarufu: nani kavuta watu leo. Kupima ushawishi ungelazimika kurudi miaka kadhaa baadaye, uangalie ni mtindo wa nani ambao wachezaji wengine wameuchukua.

Kwa hiyo idadi ya mashabiki ni ushahidi wa mwanzo tu. Inaonyesha kwamba mhusika alifika kwa watu, lakini haionyeshi aliwafanya nini.

3. Nguvu zake vitani zinahesabika?

Hapana. Saitama wa One Punch Man anamaliza adui kwa ngumi moja, na hilo halimpi alama hata moja. Anayetaka kumtetea ana hoja nzuri zaidi: mwaka 2009 alianza kama katuni ya mtandaoni iliyochorwa na mtu aliyejiita ONE, bila mchapishaji, kisha ikachorwa upya na Yusuke Murata na kufika kwenye anime mwaka 2015. Njia hiyo ya kutoka mtandaoni hadi kwenye televisheni ndiyo ya kujadili.

Mkiona mjadala umegeuka kuwa "fulani akipigana na fulani nani anashinda", mwenyekiti ausimamishe. Huo ni mchezo mwingine, nao una siku yake.

4. Aang wa Avatar anaruhusiwa? Ben 10 je? Na Ubongo Kids?

Kanuni rahisi ni hii: anime ni kazi iliyotoka kwenye tasnia ya Japani. Aang alitengenezwa Marekani na kuanza kurushwa na Nickelodeon mwaka 2005, kwa hiyo hashindani. Ben 10 ni ya Marekani pia. Ubongo Kids ni katuni yetu wenyewe, inatoka Dar es Salaam.

Hata hivyo Aang anaweza kuitwa kama shahidi. Mtindo wake unaonyesha jinsi anime ilivyowaathiri wachoraji wa Marekani, na ni kutoka kwake ambako Israel Adesanya, mpiganaji wa ngumi na mateke wa UFC aliyezaliwa Nigeria, alipata jina lake la ulingoni, The Last Stylebender.

5. Tunahesabu anime peke yake, au manga (katuni za Kijapani za kuchapishwa) nayo imo?

Mhusika anahesabika mzima mzima, almuradi ameshafika kwenye anime. Wengi walianzia kwenye vitabu vya manga: Atom, yule anayejulikana nje ya Japani kama Astro Boy, mwaka 1952 na anime 1963, Goku wa Dragon Ball 1984 na 1986, Luffy wa One Piece 1997 na 1999, Naruto 1999 na 2002. Pikachu wa Pokémon alitoka kwenye mchezo wa kompyuta wa mwaka 1996. Amuro Ray wa Gundam na Shinji Ikari wa Evangelion wao anime zao zilitangulia au kuwa ndiyo kazi kuu, 1979 na 1995.

Miaka hii iwe kichwani. Kosa la kawaida kabisa ni mtu kudai fulani kamuiga fulani, kumbe aliyedaiwa kuiga ndiye aliyetangulia.

6. Si ni katuni za watoto tu?

Nyingine ndiyo, nyingine hazimfai mtoto hata kidogo. Majarida ya Japani huzipanga kwa walengwa: wavulana, wasichana, wanaume wazima, wanawake wazima. Mdahalo wa shule ya msingi upeni Doraemon (paka roboti), Pikachu na Tsubasa (mtoto mcheza mpira). Light Yagami wa Death Note na Eren wa Attack on Titan waachieni wakubwa, kwa sababu kuwajadili sawasawa kunadai kuzungumzia mauaji ya halaiki na mtu anayejipa cheo cha Mungu.

## Majina yanayotajwa kila siku

7. Kwa nini tusimpe Goku tukaenda kulala?

Hoja yake ni nzito kweli. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilichapishwa kuanzia 1984 hadi 1995, na anime yake ikafuata 1986. Masashi Kishimoto aliyechora Naruto na Eiichiro Oda aliyechora One Piece wote wamesema wazi kwamba kazi hiyo iliwajenga. Angalia pia mwili wa kisa chenyewe: stelingi mwenye moyo mweupe na tumbo lisiloshiba, mashindano ya kupigana, adui wa jana anayegeuka rafiki wa leo, mazoezi ya kukaribia kufa, kisha hasira inayofungua umbo jipya. Siku rafiki yake Krillin alipouawa kwenye sayari ya Namek na nywele za Goku zikageuka dhahabu, kila mchoraji wa hadithi za mapigano aliyekuja baadaye alilazimika ama kuifuata njia ile au kuikwepa kwa makusudi.

Na kufika kwake kwa watu hakubishaniwi. Machi 2018 miji kadhaa ya Meksiko ilifunga skrini kwenye viwanja vya wazi ili wakazi watazame pamoja pambano la Goku na Jiren. Toriyama alipofariki tarehe 1 Machi 2024, hata Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alimuaga hadharani.

Kinachomzuia kuchukua kombe moja kwa moja ni vitu viwili. Ushawishi wake umejaa upande mmoja, wa hadithi za mapigano za wavulana. Ukitoka hapo unapungua haraka. Pili, Goku mwenyewe kazaliwa kutoka kwa mwingine; hilo liko kwenye swali la 20.

8. Atom anatajwa na nani siku hizi? Vijana hawamjui.

Hawamjui, lakini kila wiki wanaangalia alichokianzisha. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Fuji ilianza kurusha anime ya Atom, roboti mtoto wa Osamu Tezuka: nusu saa, kila wiki, hadi zikafika sehemu 193. Kutengeneza kiasi hicho kwa mtindo wa filamu za Disney kusingewezekana, kwa fedha wala kwa mikono iliyokuwapo. Studio ya Tezuka ikapunguza idadi ya michoro: sura inasimama na mdomo peke yake unatembea, mandhari inavutwa pembeni ili mtu aonekane anakimbia, michoro ya kuruka angani inawekwa akiba na kutumika tena wiki nyingine.

Ukimwona Naruto amesimama sekunde kumi akiongea huku mistari ya kasi ikipita nyuma yake, unaangalia uamuzi wa mwaka 1963.

Kuna upande wa fedha pia. Tezuka aliuza sehemu zake kwa bei isiyofikia gharama, akitegemea kufidia kwa mauzo ya bidhaa zenye sura ya Atom. Kampuni ya peremende ya Meiji ilidhamini kipindi na kuweka stika zake ndani ya pakiti za chokoleti. Mfumo huo wa kipindi kutokuleta faida chenyewe mpaka vifaa viuzwe umebaki hadi leo, pamoja na ugumu wake: malipo madogo ya wachoraji yanalaumiwa sana kwenye bei ile ya mwanzo.

Ukitulazimisha tutaje jina moja, tunataja hili. Goku alibadilisha hadithi. Atom alifanya kuwe na mahali pa kuzirusha.

9. Naruto au Luffy?

Hapa Mwanza ndipo viti hurushwa, kwa hiyo twende polepole.

Naruto nguvu yake iko mwilini mwa watazamaji. Ishara za vidole, kitambaa cha kijiji chake cha Konoha kichwani, kukimbia mikono ikiwa nyuma: mtoto ambaye hajamaliza hata msimu mmoja anavijua. Mwaka 2019 mzaha wa kuvamia kambi ya jeshi ya Area 51 kule Marekani ulisambaa duniani kote, na kilichoutambulisha ni ahadi kwamba watu watakimbia kama Naruto kuzishinda risasi. Halafu kuna kisa chenyewe, yatima anayetengwa na kijiji kizima, ambacho vijana wengi hukishika kama chao. Anime yake ya kwanza ina sehemu 220 na Shippuden iliyofuata 500. Imekuwa lango la watu kuingia kwenye anime katika nchi nyingi.

Luffy nguvu yake iko kwenye kudumu na kwenye alama yake. Mwaka 2015 One Piece iliingia kwenye rekodi za Guinness kwa nakala nyingi zaidi za katuni moja ya mwandishi mmoja, na mwaka 2022 ilivuka nakala milioni 500. Baada ya matetemeko ya Kumamoto ya 2016, mkoa huo anakotoka Oda ulisimamisha sanamu ya Luffy mbele ya ofisi za serikali, na za wenzake kwenye miji iliyoathirika, ili kuvuta wageni na fedha za kujenga upya. Mfululizo wa Netflix wa waigizaji halisi, wa mwaka 2023, ulipigwa Cape Town. Na mwaka 2025 bendera ya Luffy, ya fuvu lenye kofia ya majani, ilibebwa na vijana wakiandamana Indonesia, kisha Nepal. Madagaska waliibadilisha kidogo, wakalivika fuvu kofia ya kwao.

Hukumu yetu: kwenye tabia za mashabiki, Naruto. Kwenye mambo yaliyotoka nje ya mashabiki na kugusa watu ambao hawajawahi kuangalia hata sehemu moja, Luffy. Kwa kipimo cha swali la 1, Luffy anatangulia, na pengo hilo limeongezeka tangu 2025.

10. Mbona watu wa mpira wanamleta Tsubasa kila mara?

Kwa sababu ana mashahidi wenye majina. Yoichi Takahashi alivutwa na Kombe la Dunia la 1978, akaanza kumchora Tsubasa mwaka 1981, wakati Japani ni nchi ya besiboli na haina ligi ya mpira ya kulipwa. Anime ikaja 1983 na kusambaa: Hispania walimwita Oliver, nchi za Kiarabu wakamwita Captain Majid. Fernando Torres na Andrés Iniesta wote wamesema katuni hiyo iliwasukuma utotoni, na mwaka 2018 wote wawili wakaenda kucheza Japani. Sanamu za Tsubasa na wenzake ziko Katsushika, Tokyo, mtaa aliokulia Takahashi.

Msemaji makini aishie hapo. Ukisimama ukasema Tsubasa ndiye aliyeleta J.League, ligi ya kulipwa ya Japani, mwaka 1993 au ndiye aliyeipeleka Japani Kombe la Dunia 1998, mpinzani atakumaliza: hayo yalihitaji makampuni, fedha na mipango ya chama cha mpira. Sema aliwafanya watoto wa kizazi kile waupende mpira. Hilo lina ushahidi.

11. Wanawake wako wapi kwenye orodha hizi?

Wapo, ila orodha nyingi huandikwa na wavulana walioanza na Dragon Ball. Anzeni na Usagi Tsukino, yaani Sailor Moon wa Naoko Takeuchi, aliyeingia kwenye televisheni mwaka 1992 na kukaa sehemu 200.

Mpinzani atasema hakuwa wa kwanza, na atakuwa sahihi. Msichana wa uchawi alishakuwapo mwaka 1966 na Sally, na kujigeuza mbele ya kamera kulikuwapo 1973 na Cutie Honey. Alichofanya Sailor Moon ni kuunganisha msichana wa uchawi na kikosi cha mashujaa watano wenye rangi zao, kama vile vipindi vya mashujaa wenye kofia vya Japani. Mchanganyiko huo ndio ulioshika. Pretty Cure, inayotoka kila mwaka tangu 2004, imesimama juu yake.

Wahusika wa Studio Ghibli, kama Chihiro wa Spirited Away (2001), ni suala jingine: filamu ile ilipata Oscar mwaka 2003, lakini sifa nyingi huenda kwa mtengenezaji. Tazama swali la 21.

12. Pikachu na Doraemon si vinyago tu?

Kuuza vinyago ni ushawishi pia. Mwaka 2008 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilimteua Doraemon kuwa balozi wa anime, wa kwanza kupewa kazi hiyo. Pikachu anatambulika na bibi ambaye hajui neno anime.

13. Adui anaweza kushinda?

Anaweza, na tunatamani wangependekezwa zaidi. Char Aznable wa Gundam, mwenye kinyago na roboti jekundu, aliacha ukoo mzima wa wapinzani wanaofanana naye. Zechs wa Gundam Wing (1995) ni mjukuu wa wazi. Gundam yenyewe ilikatwa kutoka sehemu 52 zilizopangwa hadi 43 kwa kukosa watazamaji, ikafufuliwa na marudio na roboti za plastiki za kuunga za kampuni ya Bandai kuanzia 1980. Anayesema "hakuwa na watazamaji siku zile" hajaumaliza mjadala.

## Kuendesha mdahalo wenyewe

14. Alama zigawanywe vipi?

Mgawanyo unaofanya kazi, jumla 100:

- Wabunifu waliomfuata, 30. Alama 10 kwa kila mbunifu au kazi iliyotajwa kwa jina, hadi tatu.
- Mabadiliko ya tasnia, 25. Hakuna badiliko, 0. Badiliko lililopita, 10. Badiliko linalotumika hadi leo, 25.
- Maisha ya watu halisi, 20. Alama 10 kwa kila ushahidi, hadi mbili.
- Kuvuka mipaka, 15. Alama 5 kwa kila eneo la dunia nje ya Japani, hadi matatu.
- Kudumu, 10. Tangu anime iliporushwa mara ya kwanza: zaidi ya miaka 30, alama 10, kati ya 10 na 30, alama 5, chini ya hapo, 0.

Mfano, Tsubasa: wabunifu 10 (anime moja ya mpira iliyokuja baadaye, ikitajwa kwa jina), tasnia 10, maisha 20, mipaka 15 (Ulaya, Amerika ya Kusini, nchi za Kiarabu), kudumu 10. Jumla 65. Majaji waandike sababu pembeni ya kila namba. Karatasi yenye namba tupu ndiyo inayozaa ugomvi.

15. Muda na watu?

Kila upande wasemaji watatu, dakika 4 kila mmoja: hizo ni 24. Majibu ya mwisho dakika 3 kila upande, 6. Wasikilizaji dakika 15, majaji 5. Jumla dakika 50, na kumi za kuchelewa zimeshahesabiwa kwenye saa moja.

Awepo mwenyekiti, mtunza muda mwenye kengele au sufuria ya kugonga, na majaji watatu. Jaji mmoja awe mtu asiyeangalia anime kabisa. Yeye ndiye anayewalazimisha wasemaji kueleza, maana mbele yake huwezi kusema "nyie si mnajua" ukakaa chini. "Taarifa, Mwenyekiti" iruhusiwe mara mbili kwa kila upande, sekunde 20. Bila kikomo, msemaji wa kwanza hatamaliza hata sentensi.

16. Ushahidi gani unakubalika?

Mwaka, jina la kazi, na mtu aliyesema. "Kila mtu anajua" haupo kwenye orodha.

Mtego mkubwa ni kufanana. Watu hudai Lelouch wa Code Geass kanakiliwa kutoka kwa Light wa Death Note: wote vijana wenye akili kali, wenye nguvu ya ajabu, wanaotaka kuipindua dunia. Lakini anime zote mbili zilianza Oktoba 2006. Manga ya Death Note ilianza 2003, kwa hiyo inawezekana. Kuwezekana hakutoshi kupewa alama 10. Anayedai aonyeshe kauli ya mtengenezaji au tabia mahususi isiyopatikana kwingine kabla ya hapo.

17. Tunataka kuonyesha vipande vya video. Kwa nini vinagoma kwenye TV ya kibandani?

Mara nyingi ni moja ya mambo matatu. Faili ni MKV yenye kodeki ya H.265 ya biti 10, ambayo TV nyingi za zamani hazisomi: utapata sauti bila picha, au hakuna kitu. Ibadilishe iwe MP4 ya H.264. Au flashi imefomatiwa exFAT na TV inataka FAT32. Ukiweka FAT32 kumbuka faili moja haiwezi kuzidi GB 4. Au maandishi ya tafsiri yako kwenye faili lake pembeni na hayatokei. Yachome ndani ya picha kabisa.

Kata vipande vya sekunde 20 hadi 30, vitatu kwa kila upande, vipakue nyumbani na uvijaribu kwenye TV ileile siku moja kabla. Kutegemea bando ukumbini ni kujitafutia aibu. Umeme ukikatika, mdahalo unaendelea bila video, na hakuna upande unaodai muda wa fidia.

18. Vipi kuhusu kufichua mwisho?

Mwenyekiti atangaze mwanzoni anime zitakazozungumzwa hadi mwisho wake. Huwezi kumjadili Eren bila kusema alichofanya mwishoni. Asiyetaka kusikia atoke kwa amani. Anime ambayo haikutangazwa haiguswi zaidi ya msimu wa kwanza.

19. Wenzetu wako Ukerewe na Sengerema. Tutafanyaje?

Fungueni grupu la WhatsApp, wasemaji sita na majaji wafanywe maadmini, kisha weka ruhusa ya maadmini pekee kutuma. Kila mmoja atume sauti moja isiyozidi dakika 2. Urefu unaonekana kwenye ujumbe wenyewe, hakuna wa kubishana. Sauti inakula bando dogo kuliko video. Majaji wafungue grupu kwa wote ikishafika zamu ya wasikilizaji.

## Kesi ngumu

20. Kama mhusika mwenyewe ni wa kuiga, sifa zinaenda kwa nani?

Goku kachukuliwa kwa Sun Wukong, nyani wa riwaya ya Kichina ya karne ya 16: mkia, fimbo inayorefuka, wingu la kupanda, hata jina. Anachopewa Goku ni kile tu ambacho Toriyama aliongeza na wengine wakakichukua kutoka kwake. Nywele za dhahabu ni zake. Fimbo si yake.

21. Tunampa mhusika au mchoraji?

Jaribu kumhamisha. Kama sifa inabaki hata ukiweka mhusika mwingine wa mchoraji huyohuyo, basi ni ya mchoraji. Miyazaki, mtengenezaji wa Spirited Away, anaheshimika kwa filamu nzima nzima, ndiyo maana wahusika wake binafsi hupata alama chache kuliko watu wanavyotarajia. Totoro ndiye anayejitoa: amekuwa nembo ya Studio Ghibli.

22. Mhusika asiyejulikana Tanzania anaweza kushinda mdahalo wa Tanzania?

Anaweza. Grendizer, roboti la mwaka 1975, hapa kwetu halitajwi, lakini Ufaransa lilipoingia 1978 kwa jina la Goldorak lilifungua mlango wa anime nchini humo, na watu wazima wa nchi za Kiarabu wanaimba wimbo wake hadi leo. Mkitaka ushawishi wa hapa nyumbani pekee, andikeni hivyo kwenye mada: "nchini Tanzania". Mada isiyotaja mahali ni ya dunia nzima.

23. Tanjiro wa Demon Slayer ni mpya lakini kavunja rekodi. Anaingia?

Anaingia, kwa tahadhari. Filamu ya Mugen Train ya 2020 ilivuka yeni bilioni 40 na kuipita Spirited Away kuwa filamu iliyoingiza fedha nyingi zaidi Japani. Huo ni umati. Alama za wabunifu waliomfuata hawezi kuzijaza bado, kwa kuwa walioanza kuchora kwa ajili yake wengine wako sekondari.

24. Ushawishi mbaya unahesabika?

Unahesabika sawasawa. Tarehe 16 Desemba 1997 kipande kimoja cha Pokémon kilimulika mwanga mwekundu na buluu kwa kasi kubwa, na watoto wapatao 685 Japani wakapelekwa hospitali. Kipindi kilisimama miezi minne, na vituo vya televisheni vikaweka kanuni za kuzuia mimuliko, pamoja na onyo la kuwataka watoto wakae mbali na skrini kwenye chumba chenye mwanga. Mwanga ule ulitokana na radi ya Pikachu, lakini aliyebeba lawama ni Porygon, mhusika mwingine wa kipande hicho, ambaye hajapewa tena nafasi ya maana kwenye anime. Msemaji anayemtetea Pikachu ajiandae: upande wa pili ukilijua hili, utaligeuza kuwa alama 25 za tasnia, na zinaenda kwa Pikachu.

25. Alama zikilingana?

Pigeni kura mbili: moja kabla ya msemaji wa kwanza, nyingine baada ya wa mwisho, kwa watu walewale. Tuseme wako 40, na mwanzoni 25 walikuwa wa Naruto na 15 wa Luffy, mwishoni 22 na 18. Upande wa Luffy umehamisha watatu, ndio unaochukua. Waliochelewa kuingia hawapigi kura ya pili, na mwenyekiti ahesabu mikono mwenyewe.